Re: Kukarabati bafu la ghorofani Uingereza: bomba, vigae, mpira wa kustanjia na malipo

Kutoka: Muulizaji, Leicester

Assalaam aleykum, na habari zenu wote. Nyumba ni ya miaka ya 1930, imeungana na majirani pande zote mbili. Bafu liko juu, sakafu ni ya mbao. Chumba kina mita 1.7 kwa 2.1, kimo mita 2.4. Tunataka kutoa hodhi na kuweka shawa isiyo na kizingiti kwa ajili ya mama, maana magoti yanamsumbua. Tunataka pia vigae ukuta mzima na mpira wa kustanjia pembeni ya choo. Tumepata makadirio mawili, £5,600 na £8,000. Tumwamini nani, na tulipe vipi?

Kutoka: Fundi bomba, Birmingham

Wa aleykum salaam. Kabla ya kulinganisha bei, waulize mafundi wote wawili swali moja: maji machafu ya shawa yatapita wapi? Hapo ndipo bei zinapoachana.

Shawa isiyo na kizingiti hutaka bomba la kutolea maji lenye upana wa milimita 40 angalau, nalo literemke kati ya milimita 18 na 90 kwa kila mita. Kwa bomba la 40 urefu usizidi mita 3 hadi kwenye bomba kuu la choo. Mkitumia la 50 mnaweza kufika mita 4. Kwa mita 3 tayari unahitaji mteremko wa milimita 54 chini ya sakafu, ukiacha kimo cha kitundu chenyewe pamoja na kiko kinachobaki na maji ili kuzuia harufu, na maji hayo yawe na kina cha milimita 50.

Sasa angalieni boriti za sakafu zimelala upande gani. Bomba likienda sambamba na boriti, kazi ni nyepesi. Likizikata, simama hapo. Tundu kwenye boriti lisizidi robo ya kimo chake, na linaruhusiwa tu katika sehemu iliyo kati ya 0.25 na 0.4 ya urefu wa boriti kutoka ukutani. Boriti ya milimita 175 inavumilia tundu la milimita 43, tena mbali na ukuta. Fundi akisema atachonga tu kidogo karibu na ukuta, huyo anaidhoofisha sakafu mtakayoibebesha vigae. Dawa ni kuhamishia shawa upande wa bomba kuu la choo, au kukubali trei fupi iliyonyanyuliwa kidogo.

Pimeni na nguvu ya maji mapema. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la jikoni, fungua maji ya baridi yote, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 50, mna lita 12 kwa dakika. Kisha angalieni boila. Kama ni ya kupasha maji papo hapo bila tangi, ya kilowati 24 hutoa karibu lita 10 kwa dakika, ya kilowati 30 karibu 12. Msinunue kichwa kikubwa cha mvua kinachodai lita 15 halafu mkalaumu fundi. Kama maji ya moto yanatoka kwenye tangi la darini kwa uzito wake tu, kila mita moja ya kimo inatoa bari 0.1 (bari ni kipimo cha presha), na koki nyingi za kisasa za kuchanganya maji huhitaji bari 1. Kwa mama, chukueni koki inayoshikilia joto ili mtu akifungua maji jikoni asiungue.

Kutoka: Fundi vigae, Milton Keynes

Naongezea kwenye ukuta, kwa sababu bafu linaloharibika ndani ya miaka miwili mara nyingi limeharibikia nyuma ya vigae.

Hesabu yenu kwanza. Mzunguko wa chumba ni mita 7.6, ukizidisha kwa kimo ni mita za mraba 18.2. Mlango na dirisha vikitoka, kama 2.4, inabaki 15.8. Sakafu ni 3.6. Jumla 19.4, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika: 21.4. Kwa vigae vya 300 kwa 600 vinavyokaa sita kwenye boksi, boksi moja ni mita 1.08, kwa hiyo maboksi 20. Nunueni yote siku moja, namba ya uchomaji iwe moja, la sivyo rangi zitatofautiana. Gundi ni mifuko 5 ya kilo 20, daraja la C2 S1, ile inayonyumbuka, kwani sakafu ya mbao hutikisika. Grauti, ile ya kujaza nafasi kati ya vigae, kwa nafasi ya milimita 3 ni kilo 5.

Uzito ndio unaosahaulika. Kigae cha poseleni cha milimita 9 kina karibu kilo 21 kwa mita ya mraba, na gundi na grauti vikiingia unafika kama 26. Ukuta uliopigwa plasta ya jipsamu hubeba 20 tu. Bodi ya jipsamu isiyopigwa plasta hubeba 32. Ukiipiga plasta ya kusawazisha inarudi 20, kwa sababu kinachoshika kigae sasa ni ile ngozi nyembamba ya plasta. Kwa hiyo fundi akiwaambia atapiga plasta safi kabla ya vigae, mkatazeni. Sehemu ya shawa iwekwe bodi za saruji au bodi za povu zilizotengenezwa kwa maeneo ya maji. Milimita 12 inatosha ukutani.

Kigae na grauti havizuii maji. Kinachozuia ni utando unaopakwa chini yake. Utaratibu ni huu: praima, utepe kwenye kona zote na pale ukuta unapokutana na sakafu, koti la kwanza, likauke, koti la pili upande wa kukatiza. Utando uzunguke kila tundu la bomba na uingie kwenye ukingo wa kitundu cha sakafu. Hapo sakafuni, baada ya kukauka, zibeni kitundu, mwageni maji kidogo, yaacheni usiku kucha, kisha angalieni dari ya chumba cha chini. Ni jaribio la bure.

Mteremko wa sakafu ya shawa uwe kati ya 1 kwa 80 na 1 kwa 40. Kwenye mbao msijaribu kuutengeneza kwa gundi. Nunueni ubao maalumu uliokwisha kuchongwa mteremko, ukae juu ya boriti zilizotiwa viungo vya kuzishika. Kona zote, ukuta kwa ukuta na ukuta kwa sakafu, zijazwe silikoni, si grauti. Grauti kwenye kona hupasuka.

Nyumba ya 1930 inaweza kuwa na asbesto iliyoongezwa baadaye: dari zenye rangi ya vinundu, vigae vya zamani vya plastiki sakafuni, tangi la choo, bodi za kufunika mabomba. Uingereza ilipiga marufuku yote mwaka 1999. Pelekeni kipande maabara kabla ya mtu kushika nyundo au msasa.

Kutoka: Muulizaji, Leicester

Ahsanteni sana. Mpira wa kustanjia: fundi mmoja amesema ataunga kwa kiungo cha T kwenye bomba la tangi la choo, nusu saa tu. Ni sawa? Na kwa kuwa mama ana miaka 71, kuna nafuu ya kodi?

Kutoka: Fundi bomba, Birmingham

Si sawa, dada yangu, ingawa majumba mengi yameungwa hivyo. Kanuni za viungo vya maji za mwaka 1999 zinayahesabu maji yanayoweza kugusa choo kuwa hatari ya daraja la 5, la juu kabisa. Kichwa cha mpira kikianguka ndani ya choo na presha ya mtaani ikashuka, maji hayo yanaweza kunyonywa kurudi kwenye bomba la jikoni, na hata la jirani. Valvu mbili za kuzuia kurudi nyuma, ambazo mafundi hupenda kuziweka, zinafaa hadi daraja la 3 tu.

Njia inayokubalika ni tangi dogo la pekee linalojazwa kutoka juu, pawe na nafasi ya hewa kati ya mdomo wa bomba na maji, na tangi hilo lilishe choo na mpira tu. Likikaa darini mita 2 juu ya mpira mnapata bari 0.2: maji laini, yanatosha. Mkitaka nguvu, kuna matangi madogo yenye pampu yanayoingia kwenye kabati. Kabla ya kufunga, iandikieni kampuni yenu ya maji. Mpira wa aina hii ni katika kazi zinazotakiwa kuarifiwa, nao wana siku 10 za kazi kujibu; wasipojibu, hesabuni mmeruhusiwa, ila kazi bado ifuate kanuni.

Mpira wa shawa nao, kama unaweza kufika chooni, unahesabiwa vivyo hivyo. Fungeni pete ya kuuzuia ukutani.

Njia rahisi kuliko zote: sinki dogo mkono unapofika ukiwa umekaa, lenye maji ya moto na baridi, na kopo lako. Haihitaji ruhusa wala gharama ya ziada, na kwa mama maji ya uvuguvugu ni rehema. Wakati huohuo bodi ya ukuta ikiwa wazi, wekeni mbao imara nyuma yake kwa ajili ya vishikio pande zote za choo. Skrubu kwenye bodi tupu haibebi mtu.

Kutoka: Msimamizi wa ujenzi, Reading

Kodi kwanza. Umri peke yake hauondoi VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Bafu hutozwa asilimia 0 pale linapotengenezwa kwenye makazi ya mtu mwenye ulemavu au ugonjwa wa kudumu kwa sababu ya hali hiyo, naye anasaini tamko ambalo mkandarasi analihifadhi. Mzee dhaifu asiye na hali hiyo hahesabiwi. Kwa waliotimiza miaka 60 kuna asilimia 5 kwa vishikio na shawa yenye kiti kilichojengewa, si kwa bafu zima. Nafuu ya asilimia 5 inapatikana tu mkandarasi aliyesajiliwa VAT akileta na kufunga mwenyewe. Mkinunua wenyewe dukani mnalipa 20. Kama magoti ya mama ni hali ya kudumu iliyothibitishwa na daktari, ulizeni pia halmashauri kuhusu ruzuku ya kurekebisha nyumba. England inafika £30,000, huangalia kipato, na lazima iidhinishwe kabla kazi haijaanza.

Sasa £5,600 na £8,000. Mtumieni kila mmoja orodha ileile na kila mstari uwe na bei yake: kubomoa na kutupa taka, bodi za ukuta, utando, mteremko wa sakafu, bomba, umeme na cheti, feni, vigae na kazi yake, VAT. Mara nyingi bei ya chini imeacha utando, taka na cheti.

Malipo yafuate kazi mnayoweza kuiona kabla haijafunikwa. Kwa £8,000 ningepanga hivi: £1,200 kianzio, £2,400 mabomba na nyaya zikishapita na presha imejaribiwa, ukuta ukiwa bado wazi, £2,400 utando na vigae vikiisha, £1,200 vyombo vikishafungwa na vinafanya kazi, £800 cheti kikifika na mmetumia bafu wiki mbili bila kuvuja. Pembeni tengeni asilimia 15, yaani £1,200, ambayo fundi haijui. Mbao zilizooza chini ya choo huonekana siku ya kubomoa tu.

Kianzio lipeni kwa kadi ya mkopo kama mkandarasi anaipokea. Sheria ya mikopo ya 1974, kifungu cha 75, inaifanya benki iwajibike pamoja naye kwa bei nzima iliyo zaidi ya £100 na isiyozidi £30,000, hata mkilipa sehemu tu kwa kadi. Salio likilipwa lote kwa tarehe yake, hakuna riba. Mwenye kadi awe ndiye aliyesaini mkataba, na fedha ziende kwa mkandarasi moja kwa moja. Zikipitia kwa mtu wa kati, kinga inaweza kukatika. Pesa taslimu bila risiti haina kinga yoyote. Wanaocheza upatu, ombeni zamu yenu iangukie kabla ya hatua ya pili, kwa sababu hatua ya pili na ya tatu hufuatana kwa siku chache.

Mkataba mliosaini nyumbani kwenu mnaweza kuufuta ndani ya siku 14. Mkimwomba aanze mapema, iwe kwa maandishi, na mtalipia aliyokwisha kufanya. Ombeni kuona hati ya bima yake ya madhara, na ijulisheni bima ya nyumba.

Kutoka: Fundi umeme, Luton

Kwa ufupi. England, kuongeza au kubadilisha nyaya kwenye eneo la shawa ni kazi ya kuarifiwa. Fundi aliyesajiliwa na chama kama NICEIC au NAPIT hujithibitishia mwenyewe, na taarifa lazima ifike ndani ya siku 30. Mkiuza nyumba, wakili wa mnunuzi atakidai cheti hicho. Scotland wana utaratibu wao.

Feni itoe lita 15 kwa sekunde, bomba lake litoke nje kabisa, si darini, la sivyo mvuke utaozesha mbao za paa. Mlango uachwe milimita 10 chini ili hewa iingie; bila hapo feni hupiga kelele tu.

Kutoka: Muulizaji, Leicester

Tuna choo kimoja tu. Tutaishije?

Kutoka: Fundi bomba, Birmingham

Andikeni kwenye mkataba kwamba choo kirudishwe kila jioni. Kinatoka asubuhi, kinaungwa tena kabla fundi hajaondoka. Ni skrubu mbili au nne na mpira wa maji. Usiku wa lazima bila choo ni ule baada ya vigae vya sakafu kuwekwa, kwani gundi ya kawaida inataka saa 24 kabla ya kukanyagwa. Mkitumia gundi ya kukauka haraka mnaweza kupata choo jioni ileile, lakini fundi achanganye kidogo kidogo, maana inaganda ndani ya ndoo. Silikoni nayo inataka siku moja bila maji, kwa hiyo ipigwe jioni ya mwisho, na usiku huo mama alale kwa jamaa mwenye bafu.