Tangi la lita 650: auratus na kenyi wanaua wenzao, niongeze samaki gani?

TangiKubwa
Habari wakuu. Tangi langu ni sentimita 180 × 60 × 60. Ndani kuna auratus (Melanochromis auratus) 5 na kenyi (Maylandia lombardoi) 6, wote mbuna, yaani sikilidi (jamii ya perege) wa miambani wa Ziwa Nyasa, sentimita 7 hadi 9. pH 8.2, joto nyuzi 26, filta za nje zinasukuma lita 3,000 kwa saa. Mawe yako upande wa kushoto tu. Ndani ya wiki mbili wamekufa wawili, mikia imeliwa. Wa tatu amejibana nyuma ya hita, juu kabisa, ubavu mmoja hauna magamba. Muuzaji anasema niongeze oska wawili wakubwa "wawatulize", au piikoki (Aulonocara) kwa ajili ya rangi. Nani atahimili humu?

MaweYaNyasa
Mkuu, huyo wa nyuma ya hita mtoe leo. Mbuna aliyekimbilia juu ya maji ameshafukuzwa kila pango. Ukimwacha ni maiti.

Oska usimweke kabisa. Ni wa Amazoni, hufikia sentimita 30, anahitaji protini nyingi, na mbuna ni wala mwani. Piikoki naye ni mpole, makao yake ni mchangani. Mbele ya auratus atafifia rangi na kuacha kula.

Tatizo lako kubwa ni uchache. Samaki 11 kwenye lita 650 maana yake dume mmoja anajimilikisha nusu ya tangi na ana nafasi ya kumwandama samaki yuleyule kutwa nzima. Wakifika 30 hadi 35, hawezi kumaliza kumfukuza mmoja kabla mwingine hajakatiza mbele yake. Lakini filta ipande hadi lita 4,500 kwa saa au zaidi, na ubadilishe asilimia 40 ya maji kila wiki. Ukijaza samaki bila hayo, amonia itawamaliza kabla ya auratus.

Chagua wasiofanana nao. Labeotropheus fuelleborni, dume 1 na majike 4: ana pua iliyoning'inia juu ya mdomo, mwili mzito, na haonewi kirahisi. Iodotropheus sprengerae 8, wa rangi ya kutu. Maylandia mwingine yeyote usimlete, atazaliana na kenyi wako upate machotara.

Jike4Dume1
Naongezea la jinsia, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Weka dume 1 kwa majike 4 wa kila aina. Auratus jike ni njano mwenye mistari myeusi, dume mtawala ni mweusi. Dume aliyeonewa hubaki njano kama jike, kwa hiyo ukimwona "jike" anaanza kuwa mweusi tumboni, una dume wa pili; mtoe. Kenyi ni kinyume: jike ni bluu, dume hugeuka njano. Ndiyo sababu Labidochromis caeruleus, mbuna wa njano ambaye husifiwa kwa upole, simshauri humu: dume wa kenyi atamwona mpinzani kwa rangi tu.

Mimi ningeondoa auratus wote. Tangi hilo lingetulia bila kununua samaki hata mmoja. Ukiamua kubaki nao, sawa, lakini usiwaongeze.

Gogogo_wa_Ziwa
Chini ya tangi weka gogogo (jamii ya kambare) 5 wa Synodontis njassae, wa ziwa hilohilo. Wanatembea usiku, wana miiba mapezini, na mbuna hawawahesabu kuwa wapinzani. S. multipunctatus wa Tanganyika naye anafaa, ila huingiza mayai yake katikati ya mayai ya sikilidi wakati wa kutaga. Jike wa sikilidi huyabeba yote mdomoni, na vitoto vya gogogo huanguliwa mapema na kula vitoto vya huyo jike. Kama unataka watoto wa mbuna, chukua njassae.

Chakula kiwe cha spirulina (mwani), kidogo mara mbili kwa siku. Usiwape moyo wa ng'ombe. Ukiona tumbo limevimba, kinyesi cheupe kama uzi na samaki anatema chakula, huo ni ugonjwa wa tumbo na huwaua haraka.

TangiKubwa
Asanteni sana. Niwaingize kidogo kidogo kadiri ninavyowapata?

MaweYaNyasa
Hapana. Watenge wiki tatu kwenye tangi jingine, kisha waingie wote siku moja. Mmoja mmoja ni kumpeleka machinjoni. Siku hiyo toa mawe yote, uyapange upya urefu wote wa sentimita 180, marundo matatu au manne yenye mapango ya kupenyeka pande mbili. Jiwe la chini likae kwenye kioo juu ya karatasi nene ya plastiki, mchanga ufuate baadaye; mbuna huchimba, na rundo lililokaa juu ya mchanga huporomoka na kupasua kioo. Walishe wenyeji, zima taa, ndipo uwaachie wageni. Taa isiwake hadi kesho yake. Kwa siku tatu za kwanza angalia nyuma ya hita kila asubuhi.