Tupunguze spidi tuokoe mafuta, au tunajitesa bure?

Katibu_wa_Noah

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri, na atakayecheka acheke kimyakimya.

Tuko madereva 11, gari zetu Noah na Alphard moja, tunachukua wageni Uwanja wa Ndege na kuwapeleka Nungwi na Paje. Katibu ni mimi, na ukatibu wenyewe nilitupiwa kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Kila ZURA, mamlaka ya maji na nishati ya Zanzibar, wakitangaza bei za mafuta, mwezi kwetu unaanza kwa manung'uniko. Safari hii mzee wetu mmoja katoa hoja: tupitishe sheria ya umoja, mtu asizidishe kilomita 70 kwa saa hata njia ikiwa tupu. Atakayezidisha, faini iingie mfukoni mwa umoja.

Kikao kikageuka mnada wa samaki. Vijana wanasema 70 ni mwendo wa gari ya ng'ombe. Halafu mmoja wao akaja na hoja iliyonitatiza: ukikimbia unafika mapema, injini inanguruma muda mchache, kwa hiyo unakula mafuta kidogo. Kuijibu sikuweza. Jumapili tunapiga kura. Jee, ipo faida ya kweli?

Fundi_Kwerekwe

Waalaykum salaam katibu. Kabla hujagusa spidi, kashushe keria juu ya mapaa. Noah nyingi za wageni zinatembea na keria mwaka mzima, na mabegi yanapanda juu labda mara mbili kwa wiki. Ile ni kama kuendesha na mwavuli umefunguliwa. Pili, upepo wa tairi. Naletewa gari dereva analia mafuta, napima naona tairi mbili zimelegea kama chapati. Tatu, breki zinazoshika. Paki gari, gusa rimu kwa tahadhari. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki hiyo inakula mafuta yako na pedi zako kwa pamoja.

Hayo hayana kura wala faini.

Mpiga_Resi

Nyinyi mnaongea mkiwa mumekaa. Mgeni ana boti saa moja asubuhi, mie namtoa Nungwi saa kumi na moja na nusu, njiani Mahonda gari ya mchanga imeharibika katikati ya njia. Niende 70? Akikosa boti tiketi ananidai mimi, na kwenye simu yake ananipa nyota moja. Lita moja ya petroli nitaipata tena, lakini jina likiharibika halirudi.

Maalim_wa_Hesabu

Nimesomesha fizikia miaka mingi, niruhusuni niingie na chaki yangu.

Hoja ya yule kijana ni nzuri kuisikia, lakini kasahau upepo. Gari inapokwenda inasukuma hewa, na nguvu ya hewa kuizuia inakua kwa mraba wa spidi. Kutoka 70 kwenda 90, spidi imezidi kwa asilimia 29 tu, lakini kizuizi cha upepo kimezidi kwa asilimia 65. Na kazi ya injini ya kuushinda upepo huo, dakika kwa dakika, imezidi mara mbili na kitu. Muda wa safari ulipungua kwa asilimia 22 peke yake. Basi kijana kaokoa muda usiofika robo, lakini kila dakika analipa mara mbili ya kazi ya kuushinda upepo.

Upepo si mzigo pekee wa injini, kuna msuguano wa tairi, kiyoyozi, uzito wa gari, kwa hiyo msitarajie mafuta yapungue nusu. Wala msivuke upande wa pili mkaenda 30 kwa gia ndogo. Hapo kila kilomita inakula zaidi. Gari nyingi ndogo hufurahi zikienda baina ya 60 na 80 kwa gia ya juu.

Jambo hili wenzetu walishalijaribu. Marekani, baada ya Waarabu kuzuia mafuta yao Oktoba 1973, Rais Nixon alitia saini Januari 1974 sheria ya maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 89, kwa barabara kuu za nchi nzima. Ikalegezwa 1987, ikafutwa 1995. Makadirio ya baadaye ni kwamba iliokoa kama asilimia 1 ya mafuta hivi. Kidogo! Lakini tazama sababu: safari nyingi za watu ni za mjini, ambako hakuna anayefika 89, na huko kwenye barabara kuu wengi hawakuitii. Vifo vya barabarani navyo vilishuka kutoka kiasi cha 54,000 mwaka 1973 hadi 45,000 mwaka 1974, ingawa mwaka ule watu pia walisafiri kidogo. Uhispania wakashusha kutoka 120 hadi 110 Machi 2011, wakati wa vita vya Libya, na Julai wakarudisha.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nchi ipate utajiri kwa kibao cha spidi, nitakwambia hapana. Lakini wewe katibu si nchi. Gari zako zinakula njia ndefu kila siku, hesabu yako ni nyengine.

Mpiga_Resi

Maalim, Marekani wana barabara ya siku mbili nzima. Unguja ukikanyaga kidogo umeshatumbukia baharini.

Maalim_wa_Hesabu

Haha, na hapo ndipo unapoanguka, mwanangu. Uwanja wa Ndege mpaka Nungwi tuseme kilomita 60. Toa foleni za mjini, toa Bububu, Kinyasini, Mkwajuni na matuta yake. Kipande cha kukimbia unabakiwa na labda 25. Kwa 90 unakimaliza kwa dakika 17, kwa 70 dakika 21 na nusu. Unagombania dakika nne na nusu! Boti haikosekani kwa dakika nne. Inakosekana kwa sababu mgeni alikuwa bado anakunywa chai.

Kitogani_Damu

Mie gari sina, nna watoto wanaovuka barabara kwenda chuoni. Mafuta mtajua wenyewe. Kule Jozani kima punju wamewekewa matuta wasigongwe, na gari zikishapita msitu zinalipiza kwetu. Pigeni hiyo kura ya 70, na vijijini mshuke zaidi.

Mpemba_wa_Mkoani

Huku kwetu Pemba njia ya Chake ni kilima baada ya kilima, kwa hiyo spidi siyo inayotumaliza. Kinachotumaliza ni mtu kukanyaga resi mpaka mlangoni mwa tuta, halafu breki, halafu resi tena. Mafuta yote uliyonunulia mwendo umeyageuza moto wa pedi. Ukiliona tuta toka mbali, toa mguu mapema.

Na wale wa kuweka fri (kutoa gia) kwenye mteremko wakidhani wanaokoa: yakhe, gari za sindano za petroli zikishuka ndani ya gia bila resi hukata mafuta zenyewe. Ukiweka fri injini inaendelea kunywa ili isizime. Zaidi ya hapo breki zinabeba gari peke yake.

Fundi_Kwerekwe

Mpemba kasema kweli tupu. Naongeza: pale Uwanja wa Ndege ndege ikichelewa, gari zimepaki kivulini, injini zinanguruma, kiyoyozi kinapuliza, dereva kalala. Saa nzima ya hivyo inakaribia lita moja kwa injini ya 2.0. Hiyo nayo mnaipigia kura?

Katibu_wa_Noah

Ahsanteni sana. Narudi na majibu kabla ya Jumapili.

Tulichukua Noah mbili zilizoundwa mwaka mmoja, keria tukazishusha, tairi tukazijaza sawa. Moja ikaenda Nungwi kwa kawaida ya mwenyewe, ya pili haikupita 70, kwenda na kurudi, sheli ile ile, pampu ile ile, tangi mpaka juu. Siku ya pili madereva wakabadilishana. Siku ya kwanza tofauti ilikuwa lita 1.1, siku ya pili 0.7, na siku ya pili mvua ilitupiga Mahonda, wote tukatambaa. Hata nikichukua hiyo ndogo, mtu wa safari moja kwa siku, siku 26, ni lita 18 kwa mwezi. Vijana walinyamaza niliposema lita 18.

Basi hoja ya 70 nadhani itapita. Kilichobaki ni faini: nani atamshuhudia mwenzake akiwa peke yake na wageni kule Kinyasini? Mzee mwenye hoja anasema tuapishane. Mpiga_Resi, mbona umekaa kimya, au wewe ndiye yule wa Alphard?

Mpiga_Resi

Sina la kusema. Keria nimeshaishusha lakini.