Nimemchora babu anavua usipa, bibi anasema mwezi nimekosea

Mjukuu wa Matema: Wakuu habari. Nipo Mbeya mjini, nachora kwa hadibodi na rangi ya mafuta kama Tingatinga, ila tembo na twiga nimewachoka. Marehemu babu alikuwa mvuvi wa usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, huko Matema, nikasema nimchore, Ziwa Nyasa usiku, Milima ya Livingstone kwa nyuma, yeye kwenye mtumbwi na karabai inawaka, juu mwezi mkubwa mweupe. Wiki tatu nimekaa nayo. Nikaipeleka Kyela bibi aione, kaiangalia weee halafu kauliza huyu nani? Babu. Akasema babu yako usiku wa mbalamwezi alikuwa hapa hapa nyumbani, ziwani angefuata nini? Aibu niliyoisikia! Sasa nifute mwezi au niache, maana bila mwezi inakuwa nyeusi tupu, na mteja wa Dar atajulia wapi?

Mama Ipinda: Bibi yuko sahihi mwanangu. Usipa wanafuata taa, mwezi ukiwaka ziwa zima lina mwanga, karabai yako wataifuata ya nini? Sisi tulijua mwezi umekuwa mkubwa kwa kuona wanaume wako nyumbani na mboga ni majani ya maboga mpaka basi.

fundi rangi: Futa. Na nyeusi usiiogope, paka mara mbili ikauke kabisa, karabai nyeupe katikati njano pembeni. Siku za giza ukikaa ufukweni pale zile taa zikijipanga utadhani kuna mji ziwani. Ila uso umulike kwa chini, taa iko chini yake, hapo ndo wengi tunachemka.

Mjukuu wa Matema: Mama Ipinda umenikumbusha, siku za mwezi ndo alikuwa anashona nyavu uani, sisi wajukuu tumeshika ncha, ukiachia unakula kofi la mgongo. Kumbe mimi namjua yule wa uani, huyu wa ziwani sijawahi kumuona hata siku moja.

Mama Ipinda: Basi mwezi acha, mtoe babu ziwani.

Mjukuu wa Matema: Ndaga fijo mama, asante sana. Fundi, rangi imeshakauka, nasugua au napaka juu kwa juu?

fundi rangi: Msasa laini, kidogo tu ipate kushika. Na ile ya giza chora nyingine.