Mrejesho: Prado TX au TZ-G? Nimechukua TX

Ndugu zangu, niliwauliza ninunue toleo lipi la Toyota Prado ya Japani, TX au TZ-G, zote dizeli ya lita 2.8, kwa safari za Kampala hadi Kaabong, kule Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Asanteni sana kwa majibu. Nimechukua TX, na hata sasa naona uamuzi ni sahihi.

Aliyenishawishi ni yule aliyesema niangalie kwanza matairi na springi, viti vya ngozi vije baadaye. TX ina tairi 265/65 za rimu 17, TZ-G ina 265/60 za rimu 18 (265 ni upana kwa milimita, namba ya pili ni kimo cha ukuta kwa asilimia ya upana huo). Ukipiga hesabu, ukuta wa tairi la TX unazidi kwa takriban milimita 13. Kwenye mawe ya Karamoja hiyo si tofauti ndogo. Halafu nyuma TX ina springi za chuma za kawaida, ambazo fundi yeyote anazijua. TZ-G nyuma inakaa juu ya springi za mifuko ya hewa. Ikipasuka ukiwa mbali na Kisekka, soko la spea pale Kampala, utaitoa wapi?

Gia nzito (ya mwendo mdogo wenye nguvu) na kufunga difu ya katikati, ili ekseli ya mbele na ya nyuma zivute pamoja, TX inavyo pia. Kule kwenye tope jeusi baada ya mvua ndivyo vilivyonivusha, na nilifurahi mno.

Kwenye lami, kweli, TZ-G imetulia zaidi. Anayeishia Mbarara au Jinja aichukue tu.

Mnaoagiza, kumbukeni: tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Angalieni mwaka wa kutengenezwa kabla ya kulipa chochote.