Mrejesho: barua taka kwenye kisanduku kilichoko seva ya mbali

Niliuliza namna ya kuchuja barua taka wakati kisanduku changu cha barua pepe kiko kwenye seva ya watu na siruhusiwi kusakinisha chochote huko. Tatizo limekwisha, asanteni sana.

Nimefuata ushauri wa kutumia isbg, programu ndogo ya kuchuja barua taka. Inakaa kwenye kompyuta yangu, inaingia kwenye seva kwa IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa hukohuko kwenye seva), inaipa SpamAssassin (programu inayoipa kila barua alama; zikiwa nyingi, inashukiwa zaidi kuwa taka) barua mpya izikague, kisha zenye alama 5 kwenda juu inazihamishia folda ya taka. Zinahamia hukohuko kwenye seva, kwa hiyo hata kwenye simu sizioni tena.

Hili lisipuuzwe: sehemu ya Bayes ya SpamAssassin (inayojifunza kutambua taka kutokana na mifano) haianzi kazi mpaka ifundishwe barua taka 200 na barua halali 200. Mwanzoni ankara bandia zilikuwa zikipenya na alama 3 na ushee. Nilipoilisha zile za zamani, za namna hiyohiyo zikaanza kupata 7. Msishushe kiwango hadi 3 kwa pupa, barua halali zitabebwa humohumo.

Kufuta moja kwa moja sijaruhusu kabisa. Folda ya taka naipitia mwenyewe jioni, maana barua ya mteja ikizama humo inaniuma kuliko matangazo kumi yaliyopenya.