Biti, sampo na hakimiliki: sheria inalinda au inabana? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wakuu, kila wiki kuna wimbo unazuiwa YouTube na lawama zinaangukia sheria. Mlioko studio na kwenye usambazaji, mwageni mambo ya kufanyia kazi. Porojo pembeni.

FundiMiksa
Wimbo mmoja una haki mbili: utunzi (maneno na melodi) na rekodi yenyewe. Watu wanagombana kwa sababu wanazichanganya. Kulipia studio pekee si uhakika kwamba haki za biti (muziki wa ala unaoimbiwa juu yake) ni za msanii. Tanzania na Kenya kote, kuhamisha haki kwa makubaliano kunataka maandishi yenye saini. Karatasi moja inatosha: majina halisi, nani kaandika nini, asilimia za utunzi zifike 100, za rekodi nazo 100, tarehe, saini. Isainiwe kabla wimbo haujatoka. Ukishapata jina, kila mtu anakumbuka aliandika kiitikio.

Msambazaji_TZ
Hapo kwenye biti niongezee. Biti ya kukodi mtandaoni wanayo wengine pia. Ukiisajili kwenye Content ID (mfumo wa YouTube unaotambua nyimbo zilizosajiliwa ndani ya video), mfumo unaanza kudai video za wote walioikodi, nao wakiisajili wanakudai wewe. Kanuni ya YouTube ni kwamba unasajili kile unachokimiliki peke yako. Kwa hiyo unapopakia kwa msambazaji (kampuni inayopeleka wimbo wako mitandaoni), ondoa tiki ya Content ID, au nunua biti kwa mkataba wa kipekee. Anayedaiwa kwa biti ya kukodi hajabanwa na sheria, hajasoma leseni.

KijitiChaPwani
Sikubaliani sana. Kwenye sampo (kipande cha rekodi ya mtu mwingine unachokitia kwenye wimbo wako) sheria inabana kwelikweli. Ile habari ya "sekunde saba ni ruksa" haimo kwenye sheria yoyote. Kuchukua kipande cha rekodi kunataka ruhusa mbili, ya mwenye rekodi na ya mtunzi, na Tanzania na Kenya ulinzi wa utunzi unadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Warithi wa mpiga gitaa wa zamani unawapata wapi? Ukiipiga upya melodi kwa ala zako umekwepa haki ya rekodi tu, ya utunzi bado ipo. Mdundo wa kawaida na mtindo wa muziki, huo hauna mwenyewe.

Msambazaji_TZ
Kwenye sampo nakuunga mkono, mkuu.

Kwa waliokwisha kudaiwa: dai la Content ID si straiki (adhabu ya YouTube kwa chaneli iliyokiuka hakimiliki). Ukilipinga ndani ya siku 5, mapato yanashikiliwa tangu siku lilipoingia. Ukichelewa, yanashikiliwa kuanzia siku uliyopinga. Mdai ana siku 30 za kujibu, akinyamaza dai linafutika. Ila usipinge kwa kuandika "sina nia ya kukiuka", hiyo haisaidii kitu. Weka leseni, tarehe na jina la aliyekupa. Kama huna karatasi, kata kipande hicho au badilisha sauti kabla ya kukata rufaa, maana mdai akiomba video iondolewe na akashinda, unapata straiki, na 3 ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa.