Tukiwatoza watu hela ya kukaa kivulini Mwanga, watalipa?

Wakuu habari, sisi vijana wa hapa Kigoma tunataka kufanya kajaribio, tunaweka meza chini ya mwembe karibu na soko la Mwanga, kibao "Kivuli sh 200", mmoja wetu kavaa rifleketa na ana kitabu cha risiti, halafu tunaangalia nani analipa nani anagoma, ukilipa tunakurudishia hapohapo na tunakuuliza kwa nini umelipa. Mnaonaje?

Mwana Kibirizi: Watalipa tena wengi! Mtu akishaona rifleketa na risiti haulizi, mkono mfukoni.

Mgebuka: Ujerumani 2008 msanii Fabian Brunsing alitengeneza benchi la misumari, unatumbukiza senti 50 za yuro misumari inashuka unakaa, muda ukiisha linalia misumari inapanda tena. Yeye alitaka tu watu wafikirie, ila Venice kule Italia 2024 wakaanza kweli kutoza wageni wa siku moja yuro 5 kuingia mjini, zile siku za watu wengi.

Dada wa Ujiji: Wadogo zangu wazo zuri, ila msimguse mama aliyetua beseni la dagaa anapumzika. Huyo hatagoma wala hatalipa, atanyanyuka kimya akakae juani na nyie hamtamwandika popote. Halafu mwoneni mwenyekiti wa mtaa kwanza jamani, risiti za kubuni polisi hawatajua ni majaribio.

Muuliza swali: Shikamoo dada. Hilo la mama limeniingia, kesho naenda kwa mwenyekiti.